Kaltumu wa Koboko na Mzee Aliyetangaziwa Kifo Akipumua

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Aliye jikoni apunguze moto, aliye dukani amwambie mteja asubiri kidogo. Leo namkumbuka mtu mmoja tu. Anaitwa Kaltumu binti Fadhul. Alikuwa muuguzi. Amefariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake Koboko, na Jumatano kabla ya adhuhuri alikuwa ameshazikwa.

Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Kaltumu binti Fadhul, muuguzi, wa Koboko.

Tangu Jumatano meza yangu hapa studio imejaa barua za rambirambi. Zimepigwa chapa, nyingine zina mihuri. Huyu anasema marehemu alikuwa nguzo. Yule anasema alikuwa taa. Mwingine, ambaye miaka yote alikuwa akivuka barabara ili asikutane naye, anaandika kwamba alikuwa kama mama yake mzazi. Barua hizo sizisomi hewani. Meza yangu ina mguu mmoja mfupi. Nimezikunja, nimezitia chini ya mguu huo, na sasa meza haichezi.

Mnaniona nina ulimi mkali leo? Nivumilieni. Mimi nakumbuka mlivyokuwa mkimwita. Mlimwita mke wa maiti. Baiskeli yake ikipita, akina mama walivuta watoto ndani na kufunga mlango. Mlisema akiingia kwako, nunua sanda. Leo mnaleta mihuri.

Sasa tumtazame alikotoka. Kaltumu alizaliwa Koboko, kwenye nyumba za Wanubi nyuma ya soko. Babu zake walitoka Sudan na bunduki mabegani. Baba yake, Fadhul, alistaafu jeshini akabaki na jozi moja ya viatu na amri nyingi, na amri hizo akawapa watoto wake. Sadiya, mtoto wa dada yake Kaltumu, ndiye aliyenisimulia.

"Babu Fadhul nafundisha yeye kutandika kitanda," alisema Sadiya. "Kona ya shuka ikilegea kidogo, babu nang'oa yote. Halima… ah, huyu Kaltumu, analia, natandika tena. Baadaye hapana lia. Kitanda yake ikakuwa kama meza."

Mnasikia? Sadiya mwenyewe alichanganya majina kwa huzuni, na sikumkata. Basi, huyo ndiye mtoto wa Fadhul: mtu wa kona za shuka.

Mwaka 1971 aliajiriwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja mjini Arua. Jina la hospitali nalimeza. Miaka ile dawa ziliadimika, sabuni ikaadimika, chumvi nayo ikawa kitu cha kufichwa chini ya godoro. Palikuwa na daktari mmoja mwenye kalamu nzuri. Mgonjwa akimshinda, aliandika kwenye kadi maneno mawili: Arudi nyumbani. Kisha alifunika kalamu yake na kwenda kunywa chai. Kwake yeye, kazi ilikuwa imekwisha.

Siku moja, mwaka 1973, Kaltumu alisimama mbele yake na kadi mkononi. Akamwuliza: "Dokta, huyu narudi nyumbani kwa nani?"

Daktari alicheka. Kaltumu hakucheka. Siku yake ya mapumziko alipanda baiskeli akaenda kuona mwenyewe. Alimkuta yule mgonjwa amelazwa kwenye banda la mbuzi, kwa sababu ya harufu, na ndugu zake kumi na wanne wako nje wanasubiri. Tangu siku hiyo akawa anawafuata wote walioandikiwa maneno mawili. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemshukuru pia, msije mkajidanganya.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Alimgeuza mgonjwa, kulia, kushoto, kulia, ili asitoboke vidonda vya kulalia. Alilainisha jani la mgomba juu ya moto, akalitandika chini ya kiuno, ngozi isishikane na mkeka. Alilowesha kitambaa safi akafuta ulimi na fizi. Alipaka mafuta ya simsim visigino na viwiko. Hakuuliza "unaendeleaje," kwa sababu aliliona ni swali la mjinga. Aliuliza, "Leo unataka nini?" Na alipowakuta ndugu wanalia kwa sauti uani, naye alikuwa na swali lao. Aliwauliza mmoja mmoja: "Wewe naosha yeye lini?" Vilio vilikoma papo hapo.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nawapeleka Ajia. Mwaka ni 1976. Mzee anaitwa Drani. Drani alikuwa askari zamani, alipigana Burma, akarudi na koti la jeshi na Kiswahili chake. Uvimbe ulikuwa umemkaa tumboni. Alishaandikiwa maneno mawili. Aliyekuwa akimtunza ni binti yake, Driciru, aliyekuwa amerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika. Driciru alilima shamba la chini, kule mtoni, na kutokana na shamba hilo alimlisha baba. Kaltumu alimfundisha kugeuza na kuosha. Wakawa wawili.

Drani alikuwa na mtoto wa kiume, mrithi wake. Huyu anaitwa Okuonzi. Okuonzi alifanya kazi Kampala, katika ofisi yenye zulia. Baba yake aliugua miezi saba, na zulia halikumwachia. Lakini Alhamisi moja Okuonzi alifika Ajia na Landrover ya serikali, na juu ya Landrover lilikuwa limefungwa jeneza. Ndiyo, mmesikia sawasawa. Jeneza lilitangulia, maiti bado.

Alikaa siku tatu. Alikaa uani, leso puani, saa mkononi. Kila baada ya muda alimwita dada yake mlangoni na kumwuliza neno moja: "Bado?"

Driciru mwenyewe ndiye aliyenisimulia. "Mimi nasema bado. Yeye nakasirika, kama mimi ndiyo nachelewesha."

Haraka ile ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe inanuka kuliko ugonjwa. Landrover ilitakiwa kurudi Jumatatu. Na tangazo la kifo, Okuonzi alikuwa ameliandika Jumatano huko Kampala na kuliacha redioni, lisomwe Jumapili saa saba mchana. Alikwishapanga. Kilichobaki ni mzee kutii ratiba.

Hapa niwaeleze kidogo ninyi msiojua mila ya Walugbara, kabila la Drani. Kila mwanamume ana mbiu yake, wito wake mwenyewe, unaitwa cere. Akiwa hai, ni yeye peke yake anayeuita. Akifa, mrithi hutoka nje ya nyumba na kuita mbiu ya marehemu, kijiji kizima kisikie. Mbiu ikishaitwa, mtu huyo amekufa. Hata kama kifua chake bado kinapanda na kushuka, amekufa. Hapewi chakula. Hasemeshwi. Maneno yake si maneno tena. Ndiyo maana mrithi mwenye akili hukaa chini kwanza, asikilize neno la mwisho la baba, ahakikishe, tena ahakikishe, ndipo atoke.

Jumamosi alasiri Drani alizama katika usingizi mzito, pumzi zikaachana. Okuonzi aliingiza kichwa mlangoni. Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Hakumshika. Hakumsogelea. Akarudi uani, akaita mbiu ya baba yake.

Watu wa Ajia walijaa. Ngoma zikatoka, ng'ombe wawili wakaanguka. Kufa kufaana, walisema wahenga, na waliokuja kufaana walikuwa wengi.

Jumapili asubuhi Kaltumu alikuja na baiskeli yake kama kawaida. Alisikia ngoma tangu mtoni, akajua amechelewa. Alishuka, akasukuma baiskeli taratibu, akapita katikati ya watu wanaokula, akaingia kutoa heshima zake. Driciru alikuwa amekaa gizani pembeni ya mkeka, mikono mapajani.

"Sista," akanong'ona, "Baba iko napumua."

"Umepea yeye maji?"

"Wamenikataza. Wanasema maiti hapana kunywa."

Tangu Jumamosi alasiri, wasikilizaji wapendwa, hakuna aliyempa tone la maji. Nje palikuwa na mitungi saba ya pombe. Kaltumu alilowesha kitambaa, akafuta midomo, akadondosha maji kidogo kidogo. Drani akafumbua macho.

"Sista. Ile ngoma iko ya nani?"

"Yako, Mzee."

"Nani nakufa?"

"Wewe."

Drani akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Driciru akacheka huku akilia, na Kaltumu akamgeuza mzee upande wa kushoto kwa sababu muda wa kumgeuza ulikuwa umefika.

Ilipofika saa saba, Kaltumu alifungua redio yake ndogo ya betri aliyoibeba kwenye kikapu cha baiskeli. Wakasikia watu watatu, mzee mwenyewe akiwa mmoja wao: Bwana Okuonzi wa Kampala anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mpendwa, Mzee Drani wa Ajia, kilichotokea jana. Sauti ilikuwa tamu, ya polepole, yenye majonzi ya kupimwa.

Drani alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyu kijana nasoma vizuri. Lakini nasema uongo."

Kisha kicheko kikamtoka usoni. Akamshika Kaltumu mkono. "Sista, mimi iko na neno. Neno ya Driciru. Ile shamba ya chini iko yake, mimi bado hapana sema mbele ya watu. Okuonzi nafukuza yeye. Sasa wananiita maiti. Nani nasikia mimi?"

Hilo ndilo lililokuwa mkononi mwa Kaltumu siku ile. Kumponya Drani hakuwezi, alijua. Lakini mzee alikuwa na neno moja tumboni, na Driciru alikuwa na shamba moja duniani, na nje palikuwa na ukoo mzima wenye masikio yaliyozibwa kwa nyama.

Alitoka. Mkubwa wa ukoo alikuwa Mzee Onzima, amekaa na mfupa mkononi. Kaltumu akapiga goti, akamsalimu kwa adabu, akasema Drani yuko macho na ana neno la mwisho.

Onzima akatikisa kichwa. "Sista, cere ishaitwa. Hapana kurudi kwa mdomo. Maiti hapana kusema."

Okuonzi naye akasogea, leso yake ikamtangulia. "Mama, tafadhali, usitie nyumba yangu aibu mbele ya wageni." Nyumba yangu! Baba yake alikuwa hatua kumi kutoka pale, anapumua.

Kaltumu hakumtazama. Alibaki amepiga goti mbele ya Onzima. "Mzee, mimi Mnubi. Mimi hapana mutu ya ukoo yenu, na cere yenu hapana funga maskio yangu. Lakini nataka kuuliza. Chagua moja. Kama Drani iko hai, njoo sikia yeye. Kama amekufa, basi sasa iko babu yenu, iko pamoja na mababu. Na neno ya mababu nyinyi naogopa kuliko bunduki. Babu naita wewe, na wewe nakula mfupa?"

Onzima alimtazama yule mwanamke. Akautazama mfupa. Akauweka chini.

"Lete yeye," akasema.

Kaltumu hakuleta mtu mchafu. Aliwaacha wasubiri. Alimwosha Drani kwa maji ya moto, akampaka mafuta, akamvika koti lake la Burma na kulifunga kifungo kwa kifungo. Kisha yeye na Driciru wakambeba kwa kiti, wakamtoa uani, mchana, mbele ya waombolezaji wake. Wengine walitazama miguu yao. Mmoja alificha bakuli lake nyuma ya mgongo. Wengine walianza kukimbia, na Driciru akawaambia waache upumbavu.

Drani alisema kwa shida, maneno machache kwa pumzi moja, na Onzima akawa anayarudia kwa sauti ili wote washuhudie. Shamba la chini, la mtoni, ni la Driciru. Hakuna wa kumtoa. "Mutu natoa yeye," alisema Drani, "mimi nakuja kwa hiyo mutu. Nyinyi wenyewe nasema mimi nimekufa. Basi."

Kisha akamgeukia mwanawe. Watu walidhani atamlaani. Hata mimi ningemlaani. Drani alimtazama kuanzia viatu mpaka leso.

"Umeita vizuri," akamwambia. "Sasa rudi kazini. Gari iko nangoja."

Na alirudi. Jumatatu asubuhi Landrover iliondoka, na mtoto wa pekee wa kiume ndani yake. Jeneza liliachwa. Drani aliomba alione, wakamletea, akalipima kwa macho na kusema ni fupi. Kaltumu akalipima kwa kamba. Lilikuwa fupi kwa mkono mzima. Mrithi hakuwa anajua hata urefu wa baba yake.

Drani aliishi siku kumi na moja baada ya Jumapili ile. Narudia: siku kumi na moja. Kaltumu alikuja kila siku aliyoweza. Mzee alikunywa uji wa mtama, alimtania Driciru, alinyamaza, akawa anashikwa mkono tu. Alikufa Alhamisi asubuhi, amelala upande wa kulia, ngozi yake haina kidonda hata kimoja. Hapakuwa na mbiu, ilishatumika. Hapakuwa na ngoma wala kilio, vilishaliwa pamoja na ng'ombe. Kaltumu alitoka nje na beseni, akamwaga maji ya kuoshea, akamwambia Onzima kwa sauti ya kawaida: "Sasa."

Wakamzika katika mkeka. Na Driciru, wasikilizaji wapendwa, analima shamba lile mpaka leo. Nilimkuta huko wiki hii, amesimama katikati ya mihogo. "Hapana mutu aligusa," alisema. "Wanaogopa Baba. Mimi naogopa yule sista zaidi."

Nilisema Kaltumu hakushukuriwa. Mwaka 1979 vita vilipofika kwetu, watu wa Koboko walikimbilia ng'ambo ya mpaka. Siwalaumu kukimbia. Lakini walibeba cherehani, walibeba magodoro, walibeba kuku, wakaacha wasioweza kutembea. Kaltumu alipita nyumba kwa nyumba akisukuma milango. Alimkuta bibi mmoja, Hajara, amewekewa mtungi wa maji mahali asipoweza kuufikia. Mtu mwenye akili timamu aliuweka pale, akafunga mzigo wake, akaenda zake. Kaltumu alibaki na bibi yule mpaka mwisho, siku tisa. Waliporudi wenye cherehani, walimwuliza kama hakuona kuku wao mwingine.

Sasa kuna jambo nimelikwepa tangu nianze. Katika barua zilizo chini ya mguu wa meza yangu, ya juu kabisa imetoka kwa Bwana Okuonzi, mstaafu. Anamwita Kaltumu "mama yetu." Anaomba niisome kwa sauti yangu nzuri, kama zamani.

Kama zamani. Mwaka ule wa 1976 nilikuwa kijana, mtangazaji wa matangazo ya vifo katika redio moja Kampala. Nilipewa karatasi iliyoletwa Jumatano, inayosema mtu amekufa Jumamosi, nami nikaisoma Jumapili. Sikuuliza. Nilikunywa maji ya moto kwanza ili sauti iwe laini. Nimewadharau wengi leo, daktari na kalamu yake, Okuonzi na leso yake. Mwongo aliyesoma vizuri nilikuwa mimi.

Nilikutana na Kaltumu sokoni Arua, nilipokuja nyumbani kwa sikukuu ya Idi mwaka 1977, nikibishana na muuza samaki. Alisimama nyuma yangu, akasikiliza. "Wewe ndiyo ile sauti," akasema. Akanieleza yote hapohapo, mbele ya samaki, bila kupandisha sauti. Nilianza kuomba msamaha. Akanikata. "Hapana lia. Siku ingine, mbele ya kusoma, uliza: nani aliona?" Akachukua samaki wake, akaenda.

Tangu siku hiyo nimeuliza. Wengi mmenikasirikia kwenye mlango wa studio hii. Mnanijia na karatasi, nawauliza nani aliona, mnatazama dari.

Kwa Sadiya, kwa ukoo wa Fadhul, kwa jirani wachache waliomfungulia mlango: poleni. Mungu amrehemu Kaltumu na amlaze pema. Kwenu wengine, rambirambi zenu ziwekeni. Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyeandikiwa maneno mawili, zima redio hii. Sijakasirika. Zima, nenda ukamgeuze.

Jumanne, Sadiya alipokuja na tangazo, nilimwuliza na yeye. Nani aliona? Hakutazama dari. Alininyooshea mikono yake, bado ina mafuta ya simsim.

"Mimi," alisema. "Mimi nilikuwa nageuza yeye upande wa kulia."

Basi naweza kusoma. Kaltumu binti Fadhul, muuguzi, wa Koboko, amefariki. Yupo aliyeona.